Kutoka Mandara hadi Maziwe: kuifuata presha ya maji mto Pangani ukishuka

Jumatatu, Marangu hadi Mandara

Maji yamechemka saa sita na robo mchana, na kipimajoto kimegota kwenye nyuzi 91. Mpishi wa kambi hakushangaa tulipomwonyesha. Miaka yote anajua kuwa maharage ya hapa Mandara hayaivi kama ya nyumbani kwake Marangu, na kwamba wageni wanaoendelea mpaka Kibo hubebewa vyakula vinavyoiva upesi. Tuko kwenye mlima Kilimanjaro, takribani mita 2,700 juu ya usawa wa bahari. Hewa inayoukandamiza uso wa maji sufuriani ni pungufu ya ile ya pwani kwa zaidi ya robo, kwa hiyo mvuke unajinasua mapema. Kule kambi ya Kibo, mita 4,700, maji huchemka kwenye nyuzi 84 au 85 tu, na hata ukiongeza moto hayapati joto zaidi ya hapo.

Simu yangu ina kipimahewa. Asubuhi getini Marangu ilisoma milibaa 808 (milibaa 1,000 ni baa moja, karibu sawa na presha ya hewa ya pwani). Hapa inasoma 727. Tumepanda mita zaidi ya 800 kwa saa tatu za kutembea ndani ya msitu, na tofauti yake ni milibaa 81. Ukizama kwenye maji unapata tofauti hiyo hiyo kabla hujafika mita moja. Hewa ni bahari pia, ila ni nyepesi mno. Torricelli aliandika mwaka 1644 kwamba tunaishi tumezama chini ya bahari ya hewa, na miaka minne baadaye Blaise Pascal akamwomba shemeji yake, Florin Périer, apande mlima Puy de Dôme huko Ufaransa akiwa na mirija ya zebaki. Kileleni zebaki ilikuwa imeshuka kama sentimita 8 kulinganisha na ile iliyoachwa bondeni. Tangu siku hiyo haikuhitajika tena kubishana kama hewa ina uzito.

Safari yetu inaanzia hapa juu kwa sababu hiyo. Mimi na mpwa wangu, ambaye ni fundi bomba Dar es Salaam, tutashuka na maji. Chemchemi za mlima huu zinalisha mito ya Ruvu na Kikuletwa. Mito hiyo inakutana Nyumba ya Mungu, inakuwa Pangani, na Pangani inaingia Bahari ya Hindi. Tumebeba geji ya presha inayosoma mpaka baa 16, tuliyoinunua mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam, mpira mwembamba unaoonyesha ndani, na chaki za rangi kutoka darasani kwangu. Kabla ya kuanza kushuka nimemaliza maji ya chupa ya plastiki, nikaifunga kifuniko ikiwa tupu, yaani imejaa hewa ya Mandara, nikaitia mkobani.

Jumanne, miteremko ya Marangu

Siku nzima tumekuwa na fundi wa mradi wa maji ya mserereko. Kijiji sikitaji, kwa sababu shida zake ni za vijiji vingi vya milimani. Maji yanaanzia kwenye banio la kijito msituni, yanapita kwenye chujio, yanaingia tangi la kukusanyia, halafu yanashuka kwa bomba la plastiki hadi vilula vya chini kabisa. Hakuna pampu wala umeme. Mlima ndio unaofanya kazi yote.

Kila mita 10 za kimo huongeza karibu baa moja. Nasema kimo, yaani wima. Bomba laweza kuzunguka kilomita mbili kwenye migomba na kahawa, lakini kama mwisho wake uko mita 40 chini ya uso wa maji ya tangi, presha maji yakiwa yametulia ni baa 3.9 na si zaidi. Tulifunga geji kwenye kilula cha kwanza alfajiri kabla akina mama hawajafika na ndoo: 3.9. Kilula kinachofuata kiko mita 62 chini ya tangi: 6.1. Mpwa wangu alizisoma mara mbili namba hizo, akaniangalia.

“Mjomba, sisi mteja akilalamika presha ndogo, tunapunguza bomba. Ukitoka inchi moja ukaingia nusu inchi, maji yanaruka.”

Nimelisikia hilo kwa mafundi wengi na nimelipinga kwa maneno miaka mingi. Leo tulikuwa na geji. Kwa mzee mmoja jirani na kilula, bomba la inchi moja linafika ukingoni mwa shamba, halafu nusu inchi inaendelea mpaka uani. Koki zote zikiwa zimefungwa, geji ilisoma 4.4 pale ukingoni, na uani ikasoma vile vile 4.4, maana uwanja ni tambarare. Bomba jembamba halikuongeza hata chembe. Tukafungua koki ya uani maji yakatoka kwa nguvu zote: ukingoni presha ikashuka mpaka 3.9, uani ikaanguka mpaka 1.2. Iliyobaki imeliwa na msuguano ndani ya ile nusu inchi.

Na lile la maji kuruka? Ni kweli yanaruka, ukibana mdomo peke yake. Ukibana mdomo wa mpira kwa kidole, maji machache yanapita, kwa hiyo msuguano njia nzima unapungua, na presha iliyo nyuma ya kidole inapanda kuikaribia ile ya maji yaliyotulia. Lakini haiwezi kuipita. Ukilifanya bomba zima kuwa jembamba, umeuweka ubanaji kwenye njia badala ya mdomoni, na mteja wa ghorofa ya juu atabaki na matone.

Yule mzee alikuwa amekaa kwenye kigoda akitusikiliza. Tulikuwa tumeshamwamkia na kupewa ndizi. Akauliza jambo ambalo bila shaka limezungumzwa sana mikutanoni: kamati inachangisha fedha za tangi kubwa zaidi, je, maji yatapanda mpaka kwa kijana wake aliyejenga pale juu ya kilima? Nikamwambia, kwa heshima zote, hayatapanda. Tangi la lita 50,000 na tangi la lita 500, nyuso zao za maji zikiwa kwenye kimo kimoja, yanasukuma sawasawa. Simon Stevin alilithibitisha hilo mwaka 1586: kinachokandamiza sakafu ya chombo ni kimo cha maji yaliyo juu yake, umbo na upana wa chombo havihesabiki. Tangi kubwa linasaidia maji yasiishe asubuhi watu wote wakifungua kwa pamoja, na hilo si dogo. Presha ni habari nyingine.

Mzee akafikiri, kisha akasema, “Kwa hiyo tangi linatakiwa lipande, si linenepe.”

Sijui kitabu cha fizikia kinachosema vizuri kuliko hivyo.

Kutoka tangi la kukusanyia hadi kilula cha mwisho ni mita 240 za wima. Bomba moja lisilokatizwa lingebeba baa 24 kule mwisho, na mabomba waliyolaza yameandikwa baa 10. Ndiyo maana njiani kuna matangi madogo ya kukata presha. Maji yanaingia, yanakutana na hewa, yanatulia, halafu yanaanza upya kama kwamba chanzo kiko pale. Chochote kilichokusanyika tangu juu kinapotea maji yanapoonana na hewa. Mifongo ya Wachagga, yaani mifereji yao ya jadi ya maji, ilifanya hivyo karne nyingi kabla ya plastiki. Maji yake yako wazi mwanzo hadi mwisho, hayana pa kujilimbikizia presha, na walioichimba waliipima miteremko yake kwa macho na uzoefu wa kuiendesha. Nimesimama kando ya mmoja ambao bado unatiririka na nikatamani wanafunzi wangu wote wangekuwepo.

Fundi akatueleza kinachomnyima usingizi: mabomba yanapasuka usiku. Wanakijiji wanasema ni hujuma, kwa sababu mchana bomba linatumika kweli kweli na halipasuki, iweje lipasuke watu wamelala? Lakini hivyo ndivyo inavyopaswa kuwa. Mchana maji yanatembea na msuguano unakula presha. Usiku koki zote zimefungwa, maji yanasimama, na kila mita ya mlima inakandamiza chini bila kupunguzwa. Mahali palipo na kasoro patafunguka saa nane za usiku. Nimemsihi awaeleze watu hili kwenye mkutano, tena waziwazi, kwa sababu vijana wawili walishatuhumiwa.

Jambo la pili ni koki kufungwa kwa pupa. Maji yanayokimbia bombani yana uzito na mwendo. Ukiyazuia ghafla, yanaupiga ukuta wa bomba. Katika bomba la chuma, maji ya mwendo wa mita moja kwa sekunde yakisimamishwa mara moja yanaweza kuongeza zaidi ya baa 10 kwa kufumba na kufumbua. Plastiki inalegea kidogo, kwa hiyo pigo lake ni dogo, lakini likirudiwa kila siku linachosha viungo. Fundi huyu hufunga koki kuu taratibu, mzunguko baada ya mzunguko. Hakuwahi kufundishwa, alisikia bomba likigonga akaelewa.

Na jambo la tatu ndilo linalogombanisha watu. Wa chini wakifungua, wa juu hukauka, halafu wa juu huwaita wa chini wachoyo. Hakuna uchoyo. Maji mengi yakikimbilia chini, msuguano kwenye bomba kuu unakuwa mkubwa hadi presha iliyobaki kule juu haitoshi kupandisha maji kwenye koki. Dawa yake ni kubana kidogo koki za matawi ya chini, ambako presha ni ya kumwaga, na kuliacha wazi tawi la juu. Tumefanya hivyo leo pamoja na fundi kwenye matawi mawili, na jioni maji yalitoka kwenye kilula ambacho watoto walikuwa wamezoea kukipita bila kukigusa.

Jumatano, Nyumba ya Mungu

Moshi tumepita tu. Joto limeanza, na mabonde ya tambarare yamejaa vumbi.

Bwawa la Nyumba ya Mungu lilikamilika mwishoni mwa miaka ya 1960, na likijaa linatanda zaidi ya kilomita za mraba 100. Ukisimama juu ya tuta ukatazama maji yanavyopotea kwenye upeo, ni rahisi kuamini kwamba ziwa lote hilo linaegemea ukuta. Mpwa wangu aliamini hivyo na aliniambia anasikia woga. Nikamwomba tukae chini tupige hesabu. Tukate ukuta kipande cha upana wa mita moja. Maji yakiwa na kina cha mita 10 mbele yake, msukumo wote juu ya kipande hicho ni kama tani 50. Kina kikiwa mita 20, msukumo ni tani 200. Kina kimezidi mara mbili, mzigo mara nne, kwa sababu eneo linalosukumwa limeongezeka na presha yenyewe imeongezeka. Lakini ziwa likiwa na urefu wa mita 50 kwenda nyuma, au kilomita 30, jibu halibadiliki. Ukuta unaujua mguu wake umezama kiasi gani. Ukubwa wa ziwa haujui.

Ndiyo sababu matuta ya mabwawa ni membamba juu na manene sana chini. Juu kabisa maji hayana nguvu. Chini ndiko yanakotafuta njia ya kupenya, na mkondo mdogo unaobeba udongo kutoka tumboni mwa tuta ni hatari kuliko mawimbi yote unayoyaona juu.

Wavuvi walikuwa wakianika samaki. Mmoja alituambia kwamba maji yakipungua sana, wanaona visiki vya miti iliyozamishwa bwawa lilipojazwa. Hapa mitambo inafua megawati 8. Namba hiyo naiweka akiba.

Alhamisi, barabara ya Same, Mombo, Korogwe

Basi. Milima ya Pare kushoto, halafu Usambara, mkonge upande huu na huu. Tulipofika Mombo nilitoa ile chupa ya Mandara. Imeminywa, mbavu zimeingia ndani, na ikakubali kusimama kwa shida. Mama aliyekaa kiti cha mbele akauliza nani kaikalia. Hakuna aliyeigusa. Hewa niliyoifunga kule juu ni ile ile, ila sasa hewa ya nje ni nzito zaidi na inaibana. Kama si joto la huku ingeminywa hata zaidi. Mama akaipokea, akaifungua kifuniko, ikavuta pumzi na kunyooka, na kiti kizima cha nyuma kikataka kuona. Ikabidi niieleze safari yetu kwa sauti hadi Korogwe.

Karibu na mto, nje kidogo ya mji, kijana anayemwagilia nyanya alikuwa akihangaika na pampu ya petroli. Ameiweka juu ya ukingo mrefu ili isisombwe, na mpira wa kuvutia unaning'inia hadi majini. Pampu inanguruma, maji hayaji. Watu husema pampu inavuta maji, lakini pampu huondoa hewa tu ndani ya mpira. Kinachoyapandisha maji ni hewa ya nje inayokandamiza uso wa mto. Hewa ya usawa wa bahari inaweza kuyapandisha mita 10.3 na haipiti hapo, hata mashine iwe ya bei gani. Marangu, mita 1,500, ingeishia mita 8.6. Na kwa pampu za kawaida, pamoja na uvujaji na msuguano, ukizidi mita 7 unajisumbua. Tuliishusha pampu kwenye kibaraza cha udongo karibu na maji, tukaifunga kwa kamba kwenye mti. Ikayashika maji mara moja. Kusukuma juu haina shida hiyo; inaweza kusukuma mara nyingi zaidi ya kimo ambacho hewa inaweza kuinua.

Usiku, gesti, mpwa wangu alinieleza kazi inayomsubiri Dar: nyumba ya ghorofa moja, simtanki limewekwa juu ya dari, na bafu la juu linatoa maji kama machozi. Kutoka uso wa maji ya tangi hadi kichwa cha bomba la mvua ni mita moja na nusu. Hiyo ni baa 0.15. Mwenye nyumba anataka kununua simtanki la pili. Sikumjibu chochote. Alichukua kalamu mwenyewe akachora mnara.

Ijumaa, Hale

Leo ndiyo siku niliyoisubiri tangu tulipopanga safari hii. Kituo cha Hale kilianza mwaka 1964. Mitambo yake iko chini ya ardhi, na ilijengwa kufua megawati 21. Kilomita chache mbele mto unaporomoka kwa nguvu zaidi, na hapo ndipo lilipo Maporomoko Mapya ya Pangani, kituo cha mwaka 1995 chenye megawati 68. Kituo cha zamani cha maporomoko hayo kilijengwa miaka ya 1930.

Weka namba hizo mstari mmoja: 8, 21, 68. Mto ni mmoja. Ni kweli umeongezewa maji na Mkomazi na Luengera, na maji mengine yamechukuliwa na mashamba, lakini hayo hayaelezi tofauti kubwa namna hii. Tofauti kubwa iko kwenye kimo. Pale chini maji yanaangushwa takribani mita 170, na yakifika kwenye turbini yamebeba presha ya karibu baa 17. Geji yetu ya Gerezani ingevunjika sindano.

Mpwa wangu anaielewa zaidi lugha ya LUKU, kwa hiyo tulihesabu hivi: simtanki la lita 1,000 likiangushwa mita 170 lina nishati ya kilojuli 1,670 hivi. Uniti moja ya umeme ni kilojuli 3,600, kwa hiyo hiyo ni chini kidogo ya nusu uniti, kabla mitambo haijakata chake. Tani nzima ya maji, kutoka kimo kirefu kuliko jengo lolote la nchi hii, na haifiki uniti moja! Alinyamaza kitambo, halafu akasema sasa anaelewa kwa nini mgao huja mvua zikichelewa. Nami nilifurahi kuliko ninavyoweza kuandika, kwa sababu hilo ndilo nilitaka watu wote waone: umeme wa mto ni uzito wa maji ukizidishwa na kimo, na vyote viwili vina mipaka.

Jumamosi, Pangani mjini

Tumevuka kwa kivuko kwenda Bweni na kurudi, kutazama tu. Maji ya bahari yalikuwa yanajaa, na mlinzi wa mashua alituonyesha jinsi ya kuyaonja: juu maji karibu baridi, ukizamisha kopo mkono mzima unapata chumvi. Maji chumvi ni mazito kidogo, asilimia mbili na nusu hivi, kwa hiyo huingia kwa chini kama kabari na kuupandisha mto juu yake.

Hizo asilimia mbili na nusu ndizo zinazoamua visima vya mji wa pwani. Chini ya ardhi, maji baridi ya mvua yanaelea juu ya maji chumvi yaliyopenya kutoka baharini. Ili nguzo ya maji chumvi ya mita 40 isawazishwe, inahitajika nguzo ya maji baridi ya mita 41. Kwa maneno mengine, kila mita moja ya maji baridi iliyo juu ya usawa wa bahari inaisukuma chumvi mita 40 chini. Ni zawadi kubwa. Lakini hesabu inarudi upande wa pili: ukivuta maji hadi usawa wa kisima ushuke mita moja na ukabaki hapo, chumvi inaanza kupanda kuelekea mita 40. Haipandi siku hiyo hiyo, ndiyo maana watu hudanganyika. Mama mwenye nyumba tuliyofikia alisema kisima cha jirani kilikuwa kitamu, wakaweka pampu yenye nguvu, na sasa wanaoshea vyombo tu. Nilimweleza kuwa kuvuta kidogo kidogo, kutoka visima kadhaa vifupi, kunasalimisha mengi kuliko kuvuta kwa pupa kutoka kimoja kirefu. Alisema bibi yake alikataza kukomba kisima mpaka chini, na wakadhani ni mwiko tu.

Jumapili, Maziwe

Tumelipa ada ya hifadhi, tukatoka na mashua alfajiri maji yakipwa. Ni bamvua, hapa tofauti kati ya maji kujaa na kupwa inapita mita tatu, kwa hiyo tumbawe lililoko chini hubanwa na kuachiliwa kwa theluthi ya baa mara mbili kwa siku, na linaishi hivyo.

Maziwe ni hifadhi tangu mwaka 1981. Kisiwa chenyewe siku hizi ni fungu la mchanga, lakini miamba inayokizunguka iko hai. Nahodha wetu hupima kina kwa pima, kwa kamba yenye chubwi, na pima zake zikanifaa kuliko mita. Nilikata mpira unaoonyesha ndani, sentimita 60, nikauziba juu, nikapaka ndani unga wa chaki ya buluu, nikaufunga kwenye kamba mdomo ukiwa chini. Ukishushwa, maji yanaingia na kuibana hewa; chaki inaoshwa mpaka pale maji yalipofika, basi alama inabaki hata ukiuvuta juu.

Pima tano na nusu, yaani mita 10: chaki imeoshwa sentimita 30. Hewa imebaki nusu. Upande wa nje wa miamba, pima 11: imeoshwa sentimita 40, hewa imebaki theluthi. Nahodha akaushika mpira akaugeuzageuza. Akauliza kwa nini pima tano na nusu za kwanza zimekula sentimita 30, na zile za pili zimekula 10 tu. Swali zuri kuliko yote niliyoulizwa safari hii. Juu ya maji kuna presha ya hewa moja, karibu baa moja, na kila mita 10 za maji huongeza nyingine kama hiyo. Ukishuka mita 10 unakuwa na hewa mbili: umezidisha mara mbili. Mita 10 nyingine zinakufikisha tatu: umeongeza nusu tu ya ulichokuwa nacho. Kwa hiyo mabadiliko makali yako karibu na uso. Kwa kulinganisha, toka Mandara hadi hapa tulipoketi, kwa siku zote hizi za kushuka, hewa imetuongezea milibaa 280 na kitu, sawa na kuzama kina kisichofika mita tatu.

Kisha akasimulia habari za vijana wanaozamia kwa kuvuta hewa ya kompresa kwenye mpira, na mmoja aliyepanda haraka akapooza miguu. Hapo niliacha kila kitu tukazungumza kwa kirefu. Anayezama kwa pumzi yake mwenyewe, mapafu yanabanwa akishuka na kurudi vile yalivyokuwa akipanda. Anayevuta hewa ya kompresa kule chini anajaza mapafu kwa hewa iliyobanwa. Akiishikilia pumzi akapanda kutoka pima tano na nusu, hewa hiyo inataka nafasi mara mbili, na mapafu hayana. Apande akitoa pumzi muda wote. Halafu kuna naitrojeni, ambayo kwa presha ile inayeyuka mwilini; aliyekaa chini sana kwa muda mrefu, akipanda ghafla, inatoka kama mapovu ndani ya damu na viungo. Apande polepole, na zile pima za mwisho karibu na uso ndizo za polepole kuliko zote, na asiende kina kirefu mara nyingi kwa siku moja. Maumivu ya viungo au ganzi baada ya kuzama si upepo mbaya. Ni hospitali, siku hiyo hiyo.

Kaskazini ya hapa, kuelekea Tanga, silikanti, samaki wa kale wa kina kirefu, hunaswa kwenye majarife yanayotegwa kwenye kina kirefu, na tangu mwaka 2009 kuna hifadhi ya bahari kwa ajili yake. Nahodha amemwona mmoja ufukweni. Samaki wengi wa kina wakivutwa juu, kibofu chao cha hewa huvimba mpaka kinalisukuma tumbo litokeze mdomoni. Silikanti amejaza mafuta mahali ambapo wenzake wameweka hewa, na mafuta hayabanwi wala hayavimbi. Kinachomuua ni mengine: joto la maji ya juu na nyavu zenyewe.

Tuliporudi nahodha aliomba mpira ubaki kwake, ili awaonyeshe vijana bandarini. Nimemwachia pamoja na kipande cha chaki, na nyuma ya boksi nimemwandikia kwa herufi kubwa: pima tano na nusu, nusu, pima 11, theluthi, pima 16 na nusu, robo, pima 22, sehemu moja ya tano. Mpwa wangu ameongeza chini yake, kwa mwandiko wake, PANDA UKITOA PUMZI.